Tusiwapunguzie Watoto: Hotuba kwa Wazazi na Walimu wa Watoto Wadogo

Ndugu wazazi na walezi, walimu wa shule za awali, na ninyi mnaoshinda mchana kutwa na watoto wa wenzenu: nawashukuru kwa kuja, na nawashukuru zaidi akina baba, maana mikutano ya malezi huwa mnatuachia sisi.

Mwaka 1974 watafiti watatu wa Marekani, Jeffrey Rubin, Frank Provenzano na Zella Luria, waliwaendea wazazi waliopata mtoto wao wa kwanza muda usiozidi saa 24. Waliwaomba jambo dogo tu: tuelezeni mtoto wenu yukoje. Waliojaliwa binti walisema ni mlaini, ni mdogo, ana sura nyororo. Waliojaliwa mvulana walisema ana nguvu, mwili wake umekaza, yuko macho. Kumbukumbu za hospitali zilipoangaliwa, watoto wale hawakutofautiana kwa uzito, kwa urefu wala kwa hali ya afya. Na akina baba ndio waliotia chumvi zaidi.

Mtoto hajamaliza siku moja duniani. Hajatabasamu, hajashika kitu, hajui hata mkono ni wake. Tayari ameshapewa tabia.

Wazazi wale hawakuwa watu wabaya, na hawakuwa waongo. Waliwapenda watoto wao na walisema walichokiona. Shida ni kwamba macho yao yalikuwa yameshaambiwa cha kuona. Jicho likishaambiwa cha kuona, mkono hulifuata: unamshika huyu kwa hadhari, yule unamrusha juu, huyu unamkimbilia akijikwaa, yule unamwambia ainuke mwenyewe. Nimekuja kusema hili: tunawagawia watoto uwezo kwa kuangalia jinsi yao, tunaanza mapema kuliko tunavyodhani, na kila mtoto, wa kike na wa kiume, anatoka kwenye mgao huo akiwa amepunjwa.

Miaka miwili baadaye, 1976, John Condry na Sandra Condry waliwaonyesha watu wazima filamu ya mtoto wa miezi tisa. Kikaragosi kinachipuka ghafla kutoka kwenye kisanduku, mtoto anashtuka, mwishowe analia. Waliokuwa wameambiwa kwamba ni mvulana walisema amekasirika. Walioambiwa ni msichana walisema ameogopa. Filamu ni moja, mtoto ni yule yule, kilio ni kile kile.

Fikirieni kinachofuata baada ya jibu hilo. Mtoto aliyeogopa hubebwa na kubembelezwa. Mtoto aliyekasirika huachwa atulie, au watu humsifu kwamba ana msimamo. Akilia mara elfu moja kabla hajajua kusema, atakuwa amefundishwa mara elfu moja kilio chake kina maana gani. Yeye mwenyewe huenda alikuwa ameshtuka tu.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda kuliko yote, na naomba tukae nao kidogo. Ulifanywa katika Chuo Kikuu cha New York na Emily Mondschein, Karen Adolph na Catherine Tamis-LeMonda, ukachapishwa mwaka 2000. Watoto walikuwa wa miezi 11, wanatambaa. Palijengwa mteremko ambao mtu anaweza kuuinua au kuulaza. Kila mama aliambiwa auweke pale anapoamini mtoto wake ataweza kuteremka kwa kutambaa. Akina mama wa wavulana waliweka mteremko mkali kupita uwezo wa watoto wao. Akina mama wa wasichana waliuweka chini ya uwezo wa watoto wao. Kisha watoto wenyewe wakajaribiwa. Wasichana na wavulana waliteremka sawa, na hata kwa uthubutu wa kujaribu hawakupishana.

Rudieni tena hapo. Anayekosea si jirani wala mgeni. Ni mama, mtu anayemjua mtoto huyo kuliko mtu yeyote duniani, aliyemwona akitambaa asubuhi hiyo hiyo. Anamjua, na bado anamkadiria kwa jinsi yake.

Mteremko ule upo katika kila nyumba. Ni ngazi, ni ukingo wa kitanda, ni mti ulio uani, ni baiskeli. Binti anazuiwa mahali alipokuwa anaweza, na baada ya miaka kadhaa tunashangaa kwa nini anasita kabla ya kujaribu. Mvulana anasukumwa mahali alipokuwa hawezi, anaumia, na akiumia anaambiwa ajikaze. Hakuna aliyekusudia. Ndiyo maana haitoshi kuwaambia watu waache ubaguzi, kwa sababu anayefanya hivi hajioni kama mbaguzi hata kidogo. Inabidi tujichunguze mikono: leo nimemwambia nani "utaanguka", na nimemwambia nani "jaribu tena"?

Sasa, mtoto naye hakai tu akisubiri kumwagiwa mafundisho. Mtoto ni mpelelezi. Kati ya miaka miwili na mitatu, wengi wao wanajua kujitaja kuwa ni msichana au mvulana, na mara moja wanaanza kutafuta kanuni zake. Lawrence Kohlberg alieleza mwaka 1966 kwamba uelewa huu huja kwa hatua: kwanza mtoto anajua jina la kundi lake, baadaye anaelewa kwamba msichana atakuwa mwanamke na mvulana atakuwa mwanamume, na ni karibu na umri wa miaka sita au saba tu ndipo anapoelewa kikamilifu kwamba nguo au nywele hazibadilishi jambo hilo. Katikati hapo, mtoto wa miaka mitatu au minne anaweza kuamini kabisa kwamba mtu akinyoa nywele amehama kundi.

Mwanasaikolojia Sandra Bem alisimulia habari za mwanawe mdogo aliyekwenda shule ya awali akiwa amevaa vibanio vya nywele. Mtoto mwenzake alimshikilia kwamba yeye ni msichana, kwa sababu vibanio huvaliwa na wasichana. Mtoto wa Bem alikuwa amefundishwa nyumbani kwamba jinsi ni suala la mwili, akajieleza vizuri tu. Mwenzake hakusadiki. Kwake yeye ushahidi ulikuwa kichwani, umebana nywele.

Nadharia ya Bem ya mwaka 1981 inaeleza jambo hilo: mtoto hukusanya kila anachokiona, nani anaendesha gari, nani anapangusa meza, nani anapiga kelele, nani ananyamaza, na kuvipanga katika mafungu mawili. Halafu anajiweka katika fungu lake na kuanza kujipima. Kwa hiyo mzazi anayesema "mimi sijawahi kumfundisha mwanangu mambo hayo" anaweza kuwa anasema kweli, na mtoto akawa ameyajua yote.

Wazazi wengi wenye nia njema hukata tamaa hapa. Umemlea binti yako kwa uhuru wote, ukamnunulia vigari na matofali ya kujengea, na akifika miaka mitatu hataki kuvaa chochote kisicho cha pinki. Usikate tamaa wala usimgombeze. Vanessa LoBue na Judy DeLoache walichapisha mwaka 2011 utafiti ambamo watoto wa miezi saba hadi miaka mitano walipewa kuchagua kati ya vitu viwili, kimoja cha pinki. Wadogo kabisa hawakujali. Upendeleo wa wasichana ulijitokeza kuanzia umri wa miaka miwili hivi, yaani wakati ule ule mtoto anapojitambua kuwa ni msichana, na wavulana nao wakazidi kuikwepa rangi hiyo kadiri walivyokua. Binti yako amegundua kanuni na anaishika kwa bidii ya mtu mpya katika kazi. Mwache avae pinki yake. Ugomvi wetu usiwe na rangi. Uwe na kile anachoambiwa hawezi akiwa ameivaa.

Na rangi zenyewe, kwa taarifa, hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1918 jarida la wauza nguo za watoto huko Marekani liliandika kwamba pinki inawafaa wavulana kwa kuwa ina nguvu, na bluu inawafaa wasichana. Franklin Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi hiyo katika Vita vya Pili vya Dunia, alipigwa picha mwaka 1884 akiwa na miaka miwili, amevaa gauni na nywele ndefu. Hapakuwa na aliyeshangaa. Ndivyo watoto wa kiume wa umri ule walivyovishwa.

Najua kuna anayesema moyoni: lakini maumbile yapo. Yapo. Sitawadanganya. Kwa wastani wavulana hurukaruka zaidi, na wasichana waliopata kiwango kikubwa cha homoni za kiume wakiwa tumboni huelekea zaidi, kwa wastani, kwenye michezo inayohesabiwa kuwa ya wavulana. Mtu anayesema watoto huzaliwa kama karatasi tupu hajawatazama watoto. Ila wastani si mtoto. Mwaka 2005 Janet Hyde alikusanya majumuisho 46 ya tafiti, yaani kazi zinazounganisha matokeo ya tafiti nyingi, kuhusu tofauti za wanaume na wanawake, na asilimia 78 ya tofauti hizo zilikuwa ndogo au karibu na sifuri. Ndani ya kundi la wasichana peke yake kuna tofauti kubwa kuliko ile iliyopo kati ya wasichana na wavulana. Na hata pale ambapo maumbile yameweka tofauti ndogo, kazi ya malezi ni nini? Mtoto mwenye sikio hafifu la lugha hatumpunguzii mazungumzo, tunamwongezea. Kama kweli mvulana wako ana wepesi mdogo wa kutaja anachohisi, basi yeye ndiye anayehitaji kuzungumziwa hisia zaidi ya dada yake.

Na hivyo sivyo tunavyofanya. Robyn Fivush na wenzake waliwarekodi wazazi wakizungumza na watoto wa umri wa shule ya awali kuhusu mambo yaliyowapata siku zilizopita. Kwa mabinti, maneno ya hisia yalikuwa mengi zaidi, hasa yanayohusu huzuni. Mvulana naye alikuwa na huzuni siku hiyo, ila hakupewa jina lake.

Naomba nikae hapa, kwa sababu wavulana ndio tunaowasahau tukizungumza mambo ya jinsia. "Mwanaume halii." "Jikaze." "Unalia kama msichana." Sentensi hii ya mwisho inawatukana watoto wawili kwa mpigo mmoja: anayeambiwa na dada yake anayesikiliza. Mtoto wa miaka minne aliyekatazwa kulia haachi kuumia. Anaacha kukuambia. Hisia moja tu ndiyo anayoruhusiwa kuionyesha bila kuchekwa, nayo ni hasira, kwa hiyo hofu yake itatoka kama hasira, aibu yake itatoka kama hasira, na tutamwita mkorofi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wanaume 12.6 katika kila 100,000 walikufa kwa kujiua, na wanawake 5.4. Sababu za jambo hilo ni nyingi na sisemi kwamba neno moja la utotoni humuua mtu. Nasema kwamba mtu aliyefundishwa tangu miaka minne kutoomba msaada hataujua mlango wa kuombea akifika miaka arobaini.

Kwa upande wa wasichana, kuna umri ninaowaomba muuandike: miaka sita. Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian walichapisha mwaka 2017 katika jarida la Science matokeo ya kuwasimulia watoto habari za mtu mwenye akili nyingi mno, kisha kuwauliza wanadhani ni nani kati ya wanaume na wanawake waliowaona pichani. Wakiwa na miaka mitano, wasichana walichagua wanawake na wavulana walichagua wanaume, kila mmoja akiusifia upande wake kwa furaha. Kuanzia miaka sita, wasichana walipunguza kuwachagua wanawake. Na walipoelezwa mchezo fulani kuwa ni wa watoto wenye akili nyingi mno, waliukwepa. Mchezo wa wale wanaojitahidi sana waliukubali bila shida. Linaloniumiza zaidi ni hili: wasichana hao hao walijua kwamba wasichana ndio wanaopata alama nzuri darasani. Ushahidi ulikuwa mbele yao na haukuwasaidia. Tayari walikuwa wamesikia, nyumbani au barabarani, kwamba msichana akifaulu ni kwa sababu ana bidii, mvulana akifaulu ni kwa sababu ana kichwa.

Haya yanabadilika, na ninao ushahidi. David Chambers alikusanya michoro ya watoto 4,807 walioombwa kumchora mwanasayansi, akaichapisha matokeo yake mwaka 1983. Michoro 28 tu ilikuwa ya mwanamke, na yote ilichorwa na wasichana. Majumuisho ya tafiti za aina hiyo huko Marekani yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kuanzia miaka ya themanini, kwa wastani asilimia 28 ya michoro ilikuwa ya mwanamke. Watoto hawakuhubiriwa. Waliona wanawake wengi zaidi katika kazi hiyo, wakachora walichokiona.

Walimu, sehemu hii ni yenu. Mnajua tunavyopanga foleni: wasichana huku, wavulana kule. Tunavyosalimia: habari za asubuhi wavulana na wasichana. Tunavyoshindanisha. Inaonekana haina madhara. Lacey Hilliard na Lynn Liben walichapisha mwaka 2010 utafiti wa madarasa ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Katika baadhi ya madarasa walimu waliombwa wafanye mambo hayo tu kwa wiki mbili, bila kumsifu yeyote wala kumdharau yeyote. Baada ya wiki mbili watoto wa madarasa hayo walikuwa wameongeza fikra mgando kuhusu kazi na michezo ya kike na ya kiume, na wamepunguza kucheza na wenzao wa jinsi nyingine. Wiki mbili! Sisi tunafanya mwaka mzima. Pangeni foleni kwa mwezi wa kuzaliwa, kwa herufi ya kwanza ya jina, kwa rangi ya viatu. Haigharimu kitu.

Kuna mzazi ambaye amenyamaza hadi sasa, na najua anachotaka kuuliza, kwa sababu wazazi huniuliza wakishaona watu wengine wametoka. Mwanangu wa kiume anacheza na mwanasesere, anapenda kujipamba, ananitia wasiwasi. Binti yangu watu wanamwita jike dume. Je, kuna kitu?

Mvulana anayembeba mwanasesere anajifunza kubeba mtoto. Msichana anayepanda miti anapanda miti. Hata Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika mwaka 2022, limesema wazi kwamba mienendo na mapendeleo tofauti na yaliyozoeleka, peke yake, si msingi wa kumpa mtoto jina lolote la kitabibu. Wapo pia watoto wachache ambao kwa muda mrefu, bila kuyumba, husema kwamba jinsi waliyoitiwa tangu kuzaliwa siyo wanayoihisi. Toleo hilo hilo liliiondoa hali hiyo katika fungu la magonjwa ya akili. Mzazi wa mtoto kama huyo nampa maneno machache: usimpige, usimcheke, usimharakishe kwenda popote. Msikilize, endelea kumpenda waziwazi, na tafuta mtaalamu wa makuzi ya watoto anayejua kazi yake na asiyekuja na jibu mfukoni. Aibu haijawahi kumfundisha mtoto yeye ni nani. Humfundisha kujificha tu, na mtoto anayejificha kwa mzazi wake hana mahali pengine pa kukimbilia.

Nimalizie na kazi za nyumbani, maana maneno yetu yote mtoto huyapima hapo. UNICEF ilitoa hesabu mwaka 2016: wasichana wa miaka 5 hadi 14 duniani hutumia saa milioni 550 kila siku katika kazi za nyumbani, saa milioni 160 zaidi ya wavulana wa umri wao. Kati ya miaka 5 na 9 tu, tayari wanafanya asilimia 30 zaidi. Mtoto wa miaka mitano! Saa hizo zinatoka mahali fulani: zinatoka kwenye mchezo, kwenye kitabu, kwenye kulala. Na kaka yake anayeachwa akicheza hapati faida anayoidhania, kwa sababu atakua hajui kujihudumia, na atamtafuta mtu wa kumfanyia.

Mkataba wa kuondoa aina zote za ubaguzi dhidi ya wanawake, wa mwaka 1979, unasema katika ibara ya 5 kwamba malezi ya watoto ni jukumu la pamoja la mwanamume na mwanamke. Nakubaliana nao, ila mtoto hasomi mikataba. Anamwona baba akiosha vyombo siku ya kawaida, asubuhi, bila kupongezwa, au hamwoni. Akina baba mliokuja leo, naomba muanze na hilo kabla ya kununua mwanasesere au kigari chochote. Msiite kumsaidia mama. Mbadilisheni mtoto nepi, mwogesheni, mlazeni, na mwana wenu wa kiume awe karibu anashika taulo.

Ndugu na jamaa watasema. Bibi atasema, mjomba atasema, tena mbele ya mtoto. Msiwavunjie heshima, lakini msinyamaze, kwa sababu mtoto anasubiri kuona mtaegemea wapi. Mjomba akisema mwanaume halii, jibu kwa upole, mtoto akisikia: "Mjomba, hapa kwetu analia, halafu anatuambia kilichomuuma." Kisha mgeukie mtoto umuulize ni nini kilichomuuma.

Sasa ni zamu yenu. Naomba walimu waanze, hasa wenye watoto wanaosikia jambo moja nyumbani na jingine darasani, kwa sababu hilo sijaligusa na linahitaji muda wake.